Daladala inapoishia njiapanda: kwa nini gari la kijijini hupotea kabla ruti haijafutwa

Kuna maneno mawili yanayotufikia studio kwenye ujumbe wa simu kila tunapofungua kipindi cha usafiri: kukatisha ruti. Anayeyaandika ni mkulima wa muhogo, au mzazi mwenye mtoto wa sekondari, au mama anayerudi kliniki. Gari limeandikwa kabisa kwamba linafika kijijini kwao, lakini likifika njiapanda, pale lami inapoishia, konda anagonga bodi na kutangaza kuwa mwisho wa gari ni hapo. Kilomita zilizobaki ni za miguu au za bodaboda.

Leo tunaeleza jinsi jambo hili linavyotokea pembezoni mwa Dar es Salaam, kwa sababu huko ndiko linakoonekana wazi zaidi: kwenye njia zinazotoka Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika, Mbezi na Kigamboni kuelekea vijiji vya Kisarawe, Mkuranga na pwani ya kusini hadi Pemba Mnazi. Msikilizaji wa Mwanza, Mbeya au Dodoma atabadilisha majina ya vituo tu, mengine atayatambua.

La kwanza kulielewa ni kwamba ruti ya kijijini mara nyingi haifutwi na mtu. Hakuna barua, hakuna tangazo, wala hakuna kikao mlichoitwa. Inakatwa kidogo kidogo. Inaanza kuondoka safari ya saa mbili usiku, kisha zile za mchana, kisha siku zote za mvua. Inabaki safari moja ya alfajiri, na siku moja hiyo nayo haiji. Wakati huo wote, kwenye daftari la serikali, ruti yenu bado iko hai na gari lake lina leseni. Suala hili la daftari tutalirudia, kwa sababu ndilo linaloamua kama malalamiko yenu yatafika popote.

Ruti ni ya nani?

Msimamizi wa usafiri wa abiria barabarani Tanzania Bara ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 ikichukua nafasi ya SUMATRA. Kila daladala hupewa leseni inayotaja njia yake, inapoanzia na inapoishia. Ndiyo maana Dar es Salaam magari hupakwa mstari wa rangi na kuandikwa majina ya vituo vya mwanzo na mwisho. Rangi ile si pambo. Inamwambia trafiki, mkaguzi na abiria kwamba gari hili limeruhusiwa njia hii na si nyingine. Dereva hana mamlaka ya kugeuzia anapotaka. Kukatisha ruti ni kosa, kama ilivyo kosa kuzidisha nauli.

Lakini LATRA haina magari. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Mamlaka inatoa leseni, inapanga nauli ya juu, inakagua na kuadhibu. Gari ni mali ya mtu binafsi, aliyelinunua kwa akiba yake au kwa mkopo. Akiona njia haimlipi, anaweza kuomba kuhamia nyingine, au leseni ikiisha muda asirudi tena. Adhabu inamgusa aliye barabarani akivunja masharti. Aliyeondoka hana cha kuadhibiwa.

Haikuwa hivi siku zote. Kwenye miaka ya 1970 usafiri wa jiji ulikuwa wa shirika la umma, UDA, na magari ya watu binafsi yalibeba abiria kwa kujificha. Mwaka 1983 yakaruhusiwa rasmi, na jina daladala linatokana na nauli ya wakati huo, sarafu ya shilingi 5 iliyoitwa dala. Tusiipambe UDA. Mabasi yalikuwa machache, yaliharibika, na foleni za vituoni wazee wanazikumbuka. Ila shirika moja lenye njia nyingi linaweza kupata faida mjini na kufidia hasara ya shamba. Daladala haiwezi. Kila gari ni duka linalojitegemea, na jioni linafunga hesabu peke yake.

Hesabu ya bosi

Dereva wengi wa daladala hawana mshahara wa mwezi. Anachukua gari asubuhi, na jioni anampelekea mwenye gari kiasi walichopatana. Hicho ndicho kinachoitwa hesabu. Mafuta yanatoka kwenye makusanyo ya siku, posho ya konda inatoka humo humo, na kinachobaki ndicho chake. Hesabu haijui kama leo mvua imenyesha, wala kama kijijini kuna msiba na watu hawakusafiri.

Tuchukue mfano. Namba hizi tumezipanga sisi ili jambo lionekane, si za gari fulani. Ruti ina kilomita 24: 10 za lami hadi njiapanda, 14 za vumbi hadi kijijini. Gari lina viti 28. Nauli ya njia nzima tuseme shilingi 1,000. Nauli ya kuishia njiapanda ni 600, kiwango cha LATRA kilichoanza kutumika Desemba 2023 kwa daladala za safari isiyozidi kilomita 10.

Dereva akienda hadi kijijini na kurudi, pamoja na kusubiri abiria, saa tatu na zaidi zimekwisha. Kwenda amejaza, 28,000. Kurudi mchana anapata nusu ya gari, 14,000. Jumla 42,000. Katika muda huo huo, akigeuzia njiapanda anaweza kwenda na kurudi mara mbili, hata tukihesabu foleni na zamu ya stendi. Kwenda anapata 16,800. Kurudi, kwa kuwa njiapanda watu hawakauki, tuseme abiria 20, yaani 12,000. Mara mbili inakuwa 57,600. Tofauti ni 15,600 kwa mzunguko mmoja, na bado hatujagusa matairi, springi na bushi zinazoliwa na zile kilomita 14.

Sasa tumtazame abiria. Alikuwa analipa 1,000. Leo analipa 600 hadi njiapanda, kisha bodaboda, tuseme 3,000. Safari ya 1,000 imekuwa 3,600, na kwenda na kurudi ni 7,200. Ile 15,600 ya dereva haikutoka hewani. Imetoka mifukoni mwa watu wa mwisho wa njia, na wamelipa zaidi ya mara moja.

Kuna abiria mwingine ambaye hesabu hii inamuumiza kuliko wote, naye ni mwanafunzi. Nauli yake ni shilingi 200. Ni haki yake, na sisi hatuoni kama iguswe. Lakini tazameni saa 12 asubuhi kijijini: nani anasubiri gari? Ni sare tupu, kwa sababu shule ya kata iko kijiji cha tatu. Wanafunzi watatu wanalingana na mtu mzima mmoja wa nauli ya 600. Mjini mzigo huo unagawanyika kwenye magari mengi. Kijijini, gari moja linalofika ndilo linaloubeba wote, na hakuna anayemrudishia mwenye gari ile tofauti. Matokeo yake kila mzazi anayajua: dereva anachelewa makusudi hadi watoto wawe wameshaondoka kwa miguu, ndipo anaingia kuchukua watu wazima.

Lami inapoishia

Gari hugeuzia palepale lami inapokoma, na hilo lina sababu. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Za vijijini na mitaani ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza mwaka 2017. Mwaka 2021 serikali iliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Maana yake hata wewe unayepanda bodaboda kwa sababu daladala haifiki, umo katika kuichangia barabara ambayo ndiyo sababu daladala haifiki. Tunalisema hili si kwa kukejeli. Tunalisema ili mkisimama mbele ya diwani kuulizia greda, mjue hamuombi zawadi.

Lakini barabara si kisingizio cha kila siku. Zipo njia zilizochongwa vizuri kabisa na magari bado yanageuzia njiapanda, kwa hesabu ile tuliyoieleza. Na zipo mbovu ambazo gari linapita mwaka mzima kwa sababu dereva ni mwenyeji. Kwa hiyo konda akisema ni barabara, muulizeni: shimo liko wapi? Likijulikana linazibika.

Jiji nalo linasogea. Zamani ukisema Mbagala umesema mwisho wa Dar es Salaam. Leo nyumba zimeungana hadi Vikindu, na huko Chanika ni mji kamili. Kila mtaa mpya unaojazana kati ya stendi na kijiji chenu unampa dereva abiria wa karibu, wengi, wa kushuka na kupanda haraka. Mtu angedhani mji ukisogea usafiri unakuja nao. Kinachotokea mara nyingi ni kinyume: gari lililokuwa likifuata watu hadi kijijini sasa linajaa na kumwaga kabla halijafika huko.

Upo pia ukataji unaotangazwa, nao tuuseme kwa haki. Mwezi Mei 2016, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kati ya Kimara na katikati ya jiji, daladala ziliondolewa kwenye Barabara ya Morogoro kwa kipande hicho. Abiria wa nje ya Kimara aliyezoea gari moja hadi Kariakoo ikambidi ashuke, akate tiketi, apande tena. Aliudhika, lakini alijua nani ameamua, na palikuwa na ofisi ya kuulaumu. Mnaposhushwa njiapanda saa moja usiku, ofisi ya kulaumu haionekani.

Kinachopotea pamoja na gari

Bodaboda si adui. Ni vijana wetu, na usiku wa dharura ndio wanaofika. Lakini kuna vitu pikipiki haibebi. Magunia mawili ya muhogo na tenga la machungwa vilikuwa vinapanda juu ya daladala au nyuma ya viti. Sasa mkulima anamsubiri mchuuzi aje na gari lake, na mchuuzi anayejua huna njia nyingine ndiye anayetaja bei. Tofauti hiyo hakuna anayeiandika kama gharama ya usafiri, wakati ndiyo hiyo hiyo.

Mama mjamzito anayetakiwa kuhudhuria kliniki anaanza kuruka tarehe. Pikipiki kwenye makorongo na mimba ya miezi minane haviendi pamoja, na kila mhudumu wa zahanati atakwambia hivyo. Mgonjwa wa sukari au shinikizo la damu aliyekuwa akifuata dawa kila mwezi sasa anangoja hadi ajisikie vibaya.

Halafu watoto. Gari likiisha, mzazi mwenye uwezo anampangia mwanafunzi chumba karibu na shule, ndilo geto. Binti wa miaka 15 analala peke yake kwenye chumba cha kupanga, anajipikia, hana mtu mzima wa kumwangalia. Wazazi wanaoandika kwetu kuhusu ruti mara nyingi hawaongelei ruti. Wanaongelea hilo.

Na jambo moja baya zaidi kuhusu ukataji huu ni kwamba unajilisha wenyewe. Gari lisipotabirika, mwenye hela ananunua pikipiki, mwenye ndugu mjini anahamia kwake. Abiria wanapungua. Dereva aliyesema kijijini hakuna watu anakuwa amesema kweli, ingawa mwanzo haikuwa kweli.

Kitu cha kufanya ruti ikiwa bado haijafa

Turudi kwenye lile daftari. Ofisa akiangalia anaona njia yenu ina magari kadhaa yenye leseni. Mkimwambia usafiri hakuna, kwenye karatasi zake usafiri upo. Kwa hiyo malalamiko ya jumla, kwamba tunateseka, tunanyanyasika, hayana pa kushika. Kinachoshika ni orodha: namba ya gari, tarehe, saa, mahali lilipogeuzia, ruti iliyoandikwa kwenye gari, nauli mliyotozwa. Simu yoyote inaweza kuandika ujumbe wa namna hiyo, na yenye kamera inapiga picha ya gari likiwa limegeuza huku jina la kijiji chenu likionekana. Msigombane na konda. Andikeni tu. Safari 20 zilizoandikwa na watu mbalimbali ndani ya wiki mbili zina nguvu kuliko hotuba.

Orodha hiyo ipelekeni kwa njia mbili. Moja ni LATRA wenyewe, kwa ofisi ya mkoa au kwa namba yao ya bure. Hapa watu wa pembezoni huzungushwa, kwa kuwa kijiji kiko mkoa wa Pwani na stendi iko Dar es Salaam. Msikubali kurushwa kama mpira. Waombeni ofisi mliyofika ipokee malalamiko kwa maandishi na iwagongee muhuri nakala yenu. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, LATRA CCC, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa abiria. Wengi hawajawahi kulisikia.

Njia ya pili ni mkutano mkuu wa kijiji. Jambo likiingia kwenye muhtasari, mwenyekiti na mtendaji wakasaini, diwani analibeba akiwa na karatasi mkononi, na halmashauri na TARURA wanaulizwa kwa maandishi kuhusu kile kipande kibovu.

Hata hivyo, tunawaambia ukweli tunavyouona: faini peke yake hairudishi gari. Dereva aliyekamatwa atafika kijijini kwa muda, halafu hesabu ya bosi itamrudisha njiapanda. Ruti zinazodumu ni zile ambazo kijiji kimepatana na mwenye gari. Na mapatano yenyewe si makubwa. Badala ya kudai gari kutwa nzima, kijiji kinaomba safari mbili za uhakika: moja ya kutoka alfajiri, moja ya kurudi jioni kwa saa inayojulikana. Abiria wakiijua saa, wanajikusanya, gari linajaa pande zote mbili, na ule mzunguko wa mchana wenye viti vitupu unaachwa bila ugomvi. Haya nayo yapelekwe LATRA yaandikwe, yasibaki maneno ya mdomo na dereva mmoja, maana madereva wanabadilika na deiwaka hajui mlichopatana.

Dawa ya zamani kuliko zote ni gari linalolala kijijini. Wazee wanaijua. Dereva akilala kwenu, safari ya alfajiri haina mjadala, kwa sababu lazima atoke, na ya jioni haina mjadala, kwa sababu lazima arudi kitandani kwake. Anachohitaji ni chumba chenye mlango unaofungwa, mahali pa wazi pa kuegesha, na mgambo wa kulinda matairi na betri. Kijiji chenye nyumba 200 hakishindwi kuvipata hivyo, na ni rahisi kuliko kumtafuta mkaguzi asimame njiapanda kila siku.

Tunashauri orodha ianze sasa, kabla ya masika. Mvua za Machi zikifika, kila gari linalogeuza litakuwa na sababu ya tope, na hamtaweza tena kutenganisha siku ambazo njia haikupitika na siku ambazo dereva hakutaka kupita. Kiangazi, vumbi likiwa kavu na greda limepita, gari likigeuzia njiapanda liandikeni siku hiyo hiyo.